Projekta Kwenye Ukuta wa Papa

Nyumba yetu ya Kabondo, mtaa wa Kisangani, ilikuwa na maneno usoni. Papa aliyaandika mwenyewe kwa lami, herufi kubwa, kutoka dirisha la sebule hadi karibu na mlango: LUPANGO HII HAIUZISHWI. Lupango ni nyumba pamoja na uwanja wake wote, na mtu aliyezaliwa Kisangani haulizi kwa nini mwenzake ameandika hivyo. Huku kwetu nyumba huuzwa na ndugu. Unakwenda Ubundu kuzika, ukirudi unamkuta mtu usiyemjua amekaa kwenye kiti chako anakunywa chai, na mkononi ana karatasi aliyopewa na mdogo wako. Ndiyo maana watu wanaandika ukutani, mnunuzi asije akasema hakujua. Na ukiona mahali maneno yamefutwa, ujue familia imekubaliana, unaweza kupiga hodi ukauliza bei.

Papa alikuwa na sababu yake. Tonton, mdogo wake wa tumbo moja, alimleta mnunuzi wakati papa amelazwa hospitalini. Mama aliwafukuza wote wawili kwa mchi wa kutwangia pondu, majani ya muhogo bado yamenata kwenye mchi. Papa alipopona aliwaomba mabaki ya lami mafundi waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara, akaipasha moto kwenye jiko la makaa, akajitengenezea brashi ya nyuzi za mchikichi. Mwandiko wake haukuwa mzuri, maskini. Lami ilikuwa nzito, ikaganda imevimba, kila herufi nene kama kidole. Kila Idi alipoipaka nyumba chokaa alizizunguka zile herufi kwa uangalifu, tone lisizidondokee.

Mama hasomi herufi za namna ile. Yeye alisomea chuo cha Kurani, msahafu aliusoma bila kukwama macho yake yalipokuwa mazima, lakini jina la duka au barua ya Kifaransa hapana. Basi papa alimshika mkono, akapitisha kidole chake juu ya kila herufi huku akimtajia, mpaka mama akaijua sentensi nzima kwa kiganja. Tangu hapo kila alipokwenda kufunga dirisha jioni, mkono wake ulipita pale. Papa alipokufa, nilimwona mara nyingi ndani ya eda amesimama mahali hapo, kiganja ukutani, midomo inacheza. Nilimwacha na mume wake.

Mimi naishi humo na mama. Nilirudi baada ya ndoa yangu kuvunjika, na sitaki maswali juu ya hilo. Nafundisha biolojia kwenye sekondari moja hapa mjini. Ulimi wangu ni mkali, lakini wanafunzi wangu wanasema ubaya wangu si kelele. Hasira ikinipanda kweli naanza kusema pole pole. Hawakukosea.

Basi Yaya akaja. Yaya ni kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, anafanya kazi Kinshasa kwenye ofisi ambayo, kwa maneno yake, watu hawapeani tena karatasi. Kila mtu anatupa mambo yake ukutani kutoka kwenye simu. Akafungua begi, akatoa kitu kama kopo la maziwa ya unga, akakiweka juu ya meza.

“Hii ni projekta, mama. Haina waya.”

“Haina waya? Basi inapata picha wapi?”

“Simu inaongea nayo kwa hewa tu.”

“Kwa hewa,” mama akasema. “Sawa na majini.”

Yaya alicheka mpaka akakohoa. Siku zile tulicheka wote, siwezi kudanganya.

Jioni, baada ya magharibi, alitundika shuka uwanjani akatuonyesha mpira. Upepo ukaja kutoka mtoni, wachezaji wakavimba matumbo, golikipa akakunjika katikati. Yaya akasema shuka haifai, akageuza ile mashine ikaangalia ukuta wa mbele wa nyumba, mkubwa, mweupe, mzuri. Uliharibiwa na herufi za papa tu. Mpira ulipita juu ya LUPANGO, ukapotea kwenye HAIUZISHWI, ukatokea upande wa pili. Watoto wa avenyu nzima walikuwa wamejazana kwenye uzio.

Halafu akampigia Tonton, ambaye naye siku hizi anakaa Kinshasa, na uso wa Tonton ukatoka ukutani, mpana kuliko mlango. Neno HAIUZISHWI lilimkata paji la uso kutoka sikio hadi sikio. Jirani yetu, mama mmoja wa wale wavuvi wa maporomoko ya mtoni, anayeuza samaki wa mume wake asubuhi, alikuwa ameegemea uzio. Akapiga makofi.

“Tonton yenu mwenyewe haiuzishwi! Nani atamununua na ile tumbo?”

“Munacheka nini?” Tonton akauliza kutoka ukutani. “Allô? Munacheka nini?”

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Macho yake yana ugonjwa wa mtoto wa jicho; anaona mwanga na kivuli, na mtu akimsogelea sana anamtambua. Kwenye simu hajawahi kumwona mtu hata mara moja, tunamwekea sikioni anasikia sauti tu. Lakini pale ukutani, kwa ukubwa ule, alisogeza kiti chake mbele na akamwona Tonton. Aliona hata ndevu zimeingia mvi. Yaya alipoona hivyo alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono.

“Mama, hii mashine nitaiacha hapa. Nikirudi Kinshasa, kila Ijumaa nitatoka pale kwa ukuta. Utaniona mzima mzima.”

“Kila Ijumaa?”

“Kila Ijumaa, wallahi.”

Alimaanisha, nadhani. Hata leo nadhani alimaanisha.

Nami niliipenda ile mashine. Yaya aliniazima siku moja nikaipeleka shuleni, tukafunga madirisha kwa makartoni, nikawaonyesha wanafunzi moyo wa binadamu unavyodunda. Watoto hawa wanagawana kitabu kimoja benchi nzima, na moyo waliouzoea ni ule ninaouchora kwa chaki, ambao unafanana na viazi. Msichana mmoja wa mbele aliweka mkono kifuani kwake, akabaki hivyo hadi kengele. Nilirudi nyumbani nikamshukuru Yaya kwa moyo wote, na shukrani ile bado inaniuma.

Baada ya hapo alianza wimbo wake wa herufi. Herufi zinaharibu picha. Herufi zinamfanya Tonton awe kichekesho. Herufi ni za zamani, nani leo bado anaandika vile, ni ushamba. Mama alimsikiliza akichambua mchele, kisha akasema, “Shuka haiko?”

“Shuka inapeperuka, mama.”

“Basi shika shuka kwa mikono. Ile ukuta papa yenu aliandika. Muiache.”

Mambo yakaishia hapo, au mimi nilidhani yameishia hapo. Dada yake mama akafariki Ubundu. Mama akavuka mto na kifurushi chake kwenda kupanda treni ya ng'ambo, na treni ile inaondoka inapotaka na kufika inapoweza. Ilikwama njiani wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi haikuwepo kabisa. Huko simu hazishiki. Tukawa tunasubiri.

Siku moja nilitoka shuleni, na kutoka kona ya avenyu nikaiona nyumba yetu, nisiitambue. Ilikuwa nyeupe yote. Yaya alikuwa uwanjani amevua shati, chokaa mpaka kwenye nyusi, anaosha ndoo.

“Umefanya nini, Yaya?”

“Ekran,” akasema, anatabasamu. “Angalia sasa. Kama sinema.”

“Unajua maana yake ukuta huu ukiwa hivi?”

“Aka! Usinianzie. Nitaandika tena mama akirudi.”

Nilimtukana. Maneno mengine siwezi kuyarudia hapa, mimi ni mwalimu. Nikamwambia lami ingekuwepo ningeyaandika upya saa ile ile. Akasema nisiguse chokaa yake haijakauka. Na kitu kilichonitisha ni kwamba hakukasirika. Yaya ninayemjua mimi akitukanwa anajibu.

Madalali hawakuchelewa. Wa kwanza alisimamisha pikipiki, hakushuka hata, akauliza, “Ni lupango yote ao nusu?” Nikamfuata na ufagio. Akaja mwingine, halafu wakaja wawili pamoja, wamevaa viatu vya kung'aa, wakapima uwanja kwa hatua kana kwamba mimi sipo. Jirani yetu wa samaki aliniita pembeni.

“Mwalimu, ni kweli munahama? Mama hata hakutuaga.”

“Hatuhami popote. Ni Yaya na mapicha yake.”

Alinitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. “Kikulacho kiko mu nguo yako,” akasema, akashika beseni lake akaenda.

Kisha akaja mfanyabiashara mmoja mnene mwenye sauti ya chini, na huyo Yaya alimkaribisha ndani, akamtilia chai, akafunga mlango. Mlango wetu ule haufungwi mchana. Mtu yule alipoondoka nilikuwa nimesimama kwenye baraza, na Yaya aliona hakuna tena cha kuficha.

“Bon. Keti, nikueleze.”

“Nieleze nimesimama.”

Akanieleza. Paa limeoza, tunajua wote. Mama anazeeka, macho yanakwisha. Lupango iuzwe, mama akakae kwake Kinshasa karibu na madaktari, kila mmoja apate fungu lake, Tonton pia, maana naye ni damu. Mfanyabiashara anataka kujenga hapo depo, ghala la bidhaa zake, yuko tayari, ila anaogopa mjane. Bila neno la mama mbele ya familia hatoi kitu.

“Na mimi nitakaa wapi?”

“Wewe bado kijana. Utaolewa tena.”

Hapo nikaanza kusema pole pole. Nikamwambia mama akishuka tu kwenye mtumbwi nitamweleza kila kitu, kabla hajanywa maji. Yaya akasema, “Hapana, nitamuonyesha mwenyewe, kwa uzuri, kwa picha. Mama hajanikatalia kitu tangu nizaliwe.” Na hilo lilikuwa kweli. Ndilo lililonikosesha usingizi, kwamba lilikuwa kweli kabisa.

Alinishinda kwa jambo dogo. Habari kwamba mama amefika ukingoni ilimfikia yeye kwanza, mimi nikiwa darasani. Alimpokea, akampandisha toleka, baiskeli ya abiria, akatembea kando yake njia nzima akimshikilia mgongo. Nilipofika nyumbani magharibi ilikuwa imepita, mama ameketishwa uwanjani na vumbi la safari miguuni, mashine inawaka, Tonton yuko hewani, majirani wako kwenye uzio kama kawaida.

“Mama, njoo jikoni kwanza,” nikasema. “Nina neno.”

“Muache apumzike,” Yaya akasema. “Tonton anangoja, unité za simu zinaisha.”

“Nitakuja, mutoto wangu,” mama akaniambia. “Anasema kuna picha za papa yenu. Acha nimuone kwanza.”

Ningesema nini? Papa akatoka ukutani. Yaya alikuwa amezikusanya picha zake zote: papa na baiskeli yake, papa kwenye kanzu ya Idi, papa amembeba Yaya mdogo mabegani. Mama alisogeza kiti, akasogeza tena, mpaka mwanga ukamgusa magoti. Tangu macho yake yaharibike alikuwa hajauona uso wa mume wake.

“Ni yeye huyu?”

“Ni yeye, mama.”

“Amenenepa,” mama akasema, na huku analia. Jirani wa samaki alikuwa analia. Hata mimi, na hasira zangu zote.

Yaya akatelezesha kidole kwenye simu. Papa akaondoka, ikaja nyumba ya kuchorwa na kompyuta, bapa, yenye majani ya kijani kibichi ambayo hayakuota Kongo hii, na juu yake maandishi ya Kifaransa, mistari mingi. Yaya akaanza kusema kuhusu hewa nzuri na madaktari. Mama alikuwa amekunja uso, anatafuta papa alikokwenda.

“Inasema nini?” akauliza.

“Ni mambo ya famille tu, mama. Nitakueleza mbele kidogo.”

Mama akageuka upande wangu. “Wewe ni mwalimu. Unisomee.”

Yaya alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na ndugu yangu, aliniomba kwa macho. Nikasoma. Nilisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo watu wa uzioni waliisikia: mradi wa familia, lupango ya Kisangani kuuzwa kwa mfanyabiashara, mama kuhamia Kinshasa, chumba kimoja, kwa mtoto wake wa kwanza, fungu la Tonton, fungu la kila mmoja.

“Nikafie mu nyumba ya mwanamuke mwengine, muke ya mutoto wangu?” mama akasema, si kwa ukali, kama anayejiuliza. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta. “Na yale ya papa yenu? Hapo chini ya hii picha. Yale hayasemi kitu?”

Ndipo nilipoelewa. Alifikiri picha imelala tu juu ya herufi, kama zamani kwenye paji la Tonton.

“Mama, hayapo,” nikasema. “Yamepakwa chokaa. Ulipokuwa Ubundu.”

“Eh, mama,” jirani akaita, “sisi tulifikiri unajua!”

Mama akasimama. Alikwenda mbele bila fimbo, polepole, akaingia ndani ya mwanga. Majani ya Kinshasa yakapanda juu ya kitenge chake, mistari ya Kifaransa ikamwandika mgongoni.

“Mama, unaziba,” Yaya akasema.

“Allô?” Tonton akasema kwenye simu. “Sioni vizuri. Nani amesimama?”

Mama aliweka kiganja ukutani, kando ya dirisha, palepale mkono wake ulipokuwa ukianzia kila jioni. Chokaa ilimbandukia mkononi kama unga. Akasogea kidogo, akasogea tena, hana haraka, vidole vinapanda na kushuka, midomo inacheza. Sote tulimtazama akienda hivyo mpaka karibu na mlango. Hapo akasimama, akapangusa mkono.

“Iko,” akasema. “Yote iko.”

Akageuka, mwanga wote usoni, na yale macho yake meupe hayakupepesa. “Muambie huyo mutu yako aje asome.”

Yaya alizima mashine. Gizani nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyepigwa, na nilitaka kufurahi, furaha haikuja. Kesho yake aliingiza projekta kwenye begi. Mama alikuwa anasali, hakungoja amalize. Mlangoni aliniambia, “Mukae na ukuta yenu,” akapanda pikipiki akaenda zake.

Kama kweli alipaka chokaa kwa ajili ya picha tu, na mawazo ya kuuza yakamjia nyuma, sijui. Nimejiuliza sana. Chokaa yenyewe ilikuwa ya rahisi. Mvua kubwa za kwanza ziliishusha, herufi zikatoka za kijivu, halafu nyeusi. Madalali hawapiti tena. Paa linavuja kwenye chumba cha mama, kwa hilo Yaya hakusema uongo. Nampigia simu, inaita, haipokelewi. Nimemwandikia, ujumbe unaonyesha umesomwa.

Mama hamtaji mchana. Lakini kila Ijumaa, akishasali magharibi, anachukua kiti chake anakwenda kukiweka uwanjani, kinaangalia ukuta. Ananiita.

“Yaya yako leo hatatoka?”

“Mashine alikwenda nayo, mama.”

“Najua,” anasema, na anaendelea kutazama.